Tulishinda mechi 65, kaka hakuja

Mpenzi msomaji, najua umezoea kunikuta hapa na mambo ya mashemeji wasiolipa madeni, na wale kaka zetu wanaoomba namba ya simu kabla daladala haijafika kituoni. Leo nivumilie. Leo nataka nikusimulie jinsi timu moja ya mpira wa magongo, tena ule wa kwenye barafu, ilivyonikosesha usingizi miezi saba mizima na kumfanya mama yangu mzazi, muuza vitumbua wa Temeke, amjue mtu anayeitwa Bergeron.

Usicheke kwanza. Ngoja nimalize.

Timu yenyewe ni Boston Bruins ya Marekani. Hilo jina lao ni la dubu, kwa hiyo nyumbani kwetu tunawaita Dubu, basi. Sikuwajua kwa kupenda. Kaka yangu aliondoka hapa Juni 2011, mimi nikiwa darasa la sita, akaenda kubeba boksi majuu. Alitua Boston wiki ileile ambayo Dubu walirudi kutoka Vancouver na Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe lenyewe la mchezo huo. Mji mzima uko barabarani, watu wamevaa njano na nyeusi, wengine wamepanda juu ya nguzo za taa. Sasa kaka yangu ni Simba wa damu, mtu ambaye hapa Temeke alikuwa hawezi kuvaa hata soksi ya njano. Siku ya tatu ya maisha yake huko akatutumia picha kavaa fulana ya njano mpaka magotini, kaazimwa na Mkongo mmoja waliyekuwa wanalala chumba kimoja. Marehemu baba aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akasema, "Wamemroga mapema."

Tangu siku hiyo kaka hakurudi. Mwanzoni ilikuwa makaratasi. Baba alipofariki mwaka 2019 makaratasi yalikuwa bado, mazishi akayaona kwenye simu, mimi ndiye niliyeishika, mkono ukitetemeka. Mwaka 2021 makaratasi yakakaa sawa, zikaanza sababu nyingine. Mara nauli imepanda, mara kazini hawampi ruhusa, mara ngoja kwanza. Mimi namjua. Alikuwa anaona haya. Mtu kakaa majuu miaka kumi, anarudi na begi moja, Temeke nzima itauliza nyumba anajenga wapi, atajibu nini?

Wakati wa korona, akiwa amefungiwa peke yake kwenye chumba chake pale Malden, ndipo alipoanza kunipigia simu ya video na kuiegemeza simu mbele ya televisheni. Tukawa tunatazama pamoja. Hapa kwetu mchezo huo huuoni popote, hivyo hoki yangu yote nimeisomea kwenye kioo cha simu chenye ufa, kaka anakohoa pembeni na kueleza. Elimu yangu rasmi ni kidato cha nne, lakini kwa hoki nahisi nina digrii.

Mchezo wenyewe ukiuona mara ya kwanza utadhani ni ugomvi. Watu sita kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza kama wanafukuzwa na mgambo, na kila mmoja kashika gongo. Mpira hamna. Kuna kisahani cheusi cha raba ngumu, ambacho kwa upana na unene ni kitumbua cha mama kabisa. Mama alipokiona tu akakiita kitumbua na mpaka leo nyumbani hakina jina lingine. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Mchezaji hamalizi dakika moja ndani bila kubadilishwa, wanapokezana mbiombio kama abiria wa mwendokasi. Ukicheza rafu unapelekwa kukaa kwenye kibanda dakika mbili, wenzako wanabaki pungufu.

Ligi ina timu 32, na msimu ule ninaousimulia kila timu ilicheza mechi 82, kuanzia Oktoba mpaka katikati ya Aprili. Halafu 16 zinaingia mtoano. Mnakutana ninyi wawili mpaka mmoja ashinde mara nne. Huko kwenye mtoano ndiko liliko Kombe la Stanley. Anayeongoza ligi naye anapewa kikombe chake, ila hicho hakuna anayekitembeza mtaani.

Sasa twende kwenye msimu wa 2022-23.

Jamani, Dubu walitesa. Mechi zao 14 za mwanzo nyumbani walishinda zote. Januari 2, 2023 wakacheza na Pittsburgh nje, juani, kwenye uwanja wa besiboli wa Fenway Park, wakashinda 2-1. Usiku ule kaka alikuwa na furaha zake, labda na bia zake pia, akasema neno ambalo nililiandika kwenye daftari: "Mdogo wangu, mwaka huu Dubu wakichukua kombe, nakuja nyumbani. Mwambie mama."

Nikamwambia mama. Nafikiri hapo ndipo nilipokosea.

Mama huamka saa tisa na nusu usiku kuwasha jiko. Mechi nyingi za Boston zinaanza saa moja jioni kwao, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wakati wa baridi yao, na saa nane baada ya wao kusogeza saa mwezi Machi. Kwa hiyo ikawa mimi niko kitandani na simu, mama yuko uani na karai, na kila baada ya muda inakuja sauti: "Wamefanyaje?" Nikijibu wanaongoza, nasikia anapuliza moto kwa nguvu mpya. Akawa ana hesabu zake mwenyewe. Asubuhi wateja wanamuuliza vitumbua vingapi, yeye anawaambia bado ushindi wa mechi kadhaa mwanangu aje. Wengi walidhani anazungumzia Yanga.

Machi 11 Dubu wakajihakikishia mtoano, mapema kuliko timu nyingine yoyote. Machi 30 wakamaliza habari ya nani anaongoza ligi. Baada ya hapo kila mechi ilikuwa ya rekodi. Aprili 9 kule Philadelphia wakapata ushindi wa 63, ambao hakuna timu iliyowahi kuufikia kwa msimu mmoja. Siku hiyo David Pastrňák, yule Mcheki, akafunga matatu peke yake na kutimiza mabao 60. Aprili 11 wakaichapa Washington 5-2 wakafikisha pointi 133, wakaivunja rekodi ya Montreal ya 132 iliyokaa tangu msimu wa 1976-77. Wakamaliza na ushindi 65 na pointi 135. Mechi nane za mwisho walishinda zote nane.

Hapa, msomaji wangu, naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye kesi yangu.

Watu wakisema timu iko kwenye fomu, wanaangalia nani kashinda. Mimi zile mechi nane niliziona, na usiku mmoja nilikaa nikaziandika moja baada ya nyingine. Columbus, ambao walikuwa mkiani kabisa, 2-1 katika muda wa nyongeza. Pittsburgh 4-3. St. Louis 4-3, tena kwa mapigo ya penalti. Toronto 2-1, nyongeza tena. New Jersey 2-1. Montreal, timu nyingine ya chini, 5-4. Katika nane, sita zilikuwa za tofauti ya bao moja! Ule haukuwa mwendo wa timu inayotesa. Ni mwendo wa mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi siku ya mwisho, jioni, baada ya kukopa. Kodi imelipwa, sawa, na mwenye nyumba anamsifu. Lakini anayelala naye chumba kimoja anajua.

Nililiona hilo. Sikumwambia kaka wala mama. Ukiwa unataka mtu arudi nyumbani hukai kuhesabu tofauti ya mabao.

Na ilikuwepo mifano. Tampa Bay msimu wa 2018-19 walishinda mechi 62, wakaingia mtoano wakatolewa raundi ya kwanza na Columbus bila kushinda hata moja, nne bila. Ligi ndefu inawapa watu mazoea ya kwamba ukikosea leo kesho ipo. Mtoano hauna hiyo.

Halafu kuna la Bergeron. Patrice Bergeron ndiye aliyekuwa nahodha, mtu mzima wa miaka 37, yuko Boston tangu kijana, na mwaka 2011 kule Vancouver mechi ya mwisho alifunga mawili. Mama alimpenda kwa sababu nilimwambia ni mpole na hajawahi kuhama timu. "Bajeroni ana adabu," akawa anasema. Basi Aprili 13, mechi ya 82, kule Montreal. Rekodi zote zimevunjwa, nafasi ya kwanza haichukuliki, mechi haina maana yoyote. Bergeron ni mtu wa Quebec, pale ni kwao, akapangwa. Kipindi cha kwanza tu akatoka na hakurudi. Mgongo. Baadaye ikasemekana ni diski ya uti wa mgongo. Mechi nne za kwanza za mtoano akazikosa.

Kaka alinipigia baada ya ile mechi akasema ni kawaida tu, wanampumzisha. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Wapinzani wakawa Florida Panthers. Hawa waliingia kwa kubanwa na mlango. Walimaliza na pointi 92. Pittsburgh na Buffalo walikuwa na 91, wakabaki nje. Pittsburgh walikuwa na nafasi yao mkononi, Aprili 11 wakafungwa 5-2 nyumbani kwao na Chicago, mojawapo ya timu mbovu kuliko zote mwaka ule. Yaani kama Chicago wangelala usiku ule, Florida wasingekuwepo, na mimi makala hii nisingeiandika. Tofauti kati yetu na wao ilikuwa pointi 43. Pale kijiweni kwetu kuna kijana mmoja nilimweleza hesabu hiyo, akaenda kuweka mkeka wa Boston mechi ya pili. Hatusalimiani vizuri mpaka leo.

Lakini Florida kuanzia mwisho wa Machi walikuwa wanacheza fainali kila siku. Walishinda sita mfululizo, golini yuko Alex Lyon, kipa ambaye msimu ule alikuwa akipandishwa na kushushwa kwenda timu ya daraja la chini. Hao tayari walikuwa ndani ya mtoano wiki tatu kabla yetu. Na kuna jambo lingine ambalo wengi walilisahau: mwaka uliotangulia, 2021-22, walioongoza ligi nzima walikuwa haohao Florida, na pointi zao 122, wakatolewa na Tampa nne bila. Walishavaa viatu vyetu vikawabana. Walipotoka hapo wakamleta Matthew Tkachuk kutoka Calgary, mkorofi anayejua kazi, wakaacha kucheza mpira wa kupendeza.

Mtoano ukaanza Aprili 17. Tukashinda ya kwanza, wakashinda ya pili 6-3, tukachukua mbili kwao, 4-2 na 6-2. Tatu kwa moja. Inatakiwa moja tu, na mechi mbili kati ya tatu zilizobaki ni Boston, na Bergeron anarudi. Mama akaanza kuulizia bei ya mbuzi.

Mechi ya tano, Aprili 26. Tatu kwa tatu, sekunde za mwisho kabisa, Brad Marchand akabaki yeye na kipa Bobrovsky. Yeye na kipa! Kitumbua kiko kwenye gongo. Bobrovsky akakizuia. Ukaja muda wa nyongeza, kipa wetu Linus Ullmark, ambaye mwaka ule ndiye aliyepewa tuzo ya kipa bora wa ligi, akatoka nyuma ya goli lake kucheza kitumbua, akakipoteza, Tkachuk akafunga. Msomaji, nimeona mabao mengi ya kuuma lakini lile nililiona mara mbili, kwa sababu simu yangu iligandaganda ikarudia.

Ijumaa ya Aprili 28 sitaisahau. Wenye kumbukumbu watakumbuka, ndiyo siku Simba walikuwa Casablanca na Wydad, robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Wakatolewa kwa penalti. Boston ilikuwa bado mchana, kaka ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya Simba. Akanitumia ujumbe wa neno moja, silirudii hapa, gazeti hili linasomwa na watoto. Saa chache baadaye Dubu wako Florida. Kipindi cha mwisho tunaongoza 5-4, wakasawazisha ndani ya nusu dakika, wakaongeza, wakaongeza tena. 7-5. Timu iliyokuwa inafungwa mabao machache kuliko zote kwenye ligi nzima imefungwa saba. Mama uani: "Wamefanyaje?" Nikamwambia bado moja.

Jumapili, Aprili 30, Yanga walikuwa hapa kwa Mkapa na Rivers United ya Nigeria. Sisi Temeke uwanja uko karibu, kelele tunazisikia mpaka uani. Jioni ile taa za uwanja zilizimika, mechi ikasimama, mtaa mzima ukawa unalaumu umeme. Zikarudi, ikaisha bila kwa bila, Yanga wakapita kwa mabao mawili ya kule Nigeria. Watu wakaimba mpaka usiku wa manane, na kesho yake ni Mei Mosi, hakuna kazi. Mimi nikaingia ndani kama saa saba na nusu kuwasubiri Dubu. Nje furaha ya watu, ndani tumbo linanikata.

Kocha Jim Montgomery alimweka benchi Ullmark akampanga kijana Jeremy Swayman. Kwenye ligi wale makipa wawili walipokezana msimu mzima, ikawa ndiyo sifa yetu. Lakini mtoano wote Swayman alikuwa hajaanza hata mechi moja, na sasa anaanza ya saba. Florida wakatangulia mawili. Krejčí akarudisha moja, Bertuzzi la pili, Pastrňák la tatu. Tunaongoza 3-2. Nikasikia kaka kule anapiga meza. Nikatoka uani na simu mkononi, nikamwonyesha mama zile dakika zilizobaki. Akaacha kijiko. Tukatazama wote wawili, vitumbua vinaungua, hakuna aliyevigeuza.

Ikabaki dakika moja. Florida wamemtoa kipa wao, wako sita mbele. Brandon Montour akapiga, kikaingia.

Muda wa nyongeza, dakika ya tisa, Carter Verhaeghe akafunga. Hata sikuona vizuri. Niliona tu wale wenye jezi nyeupe wanarundikana, halafu picha ikayumba, nikawa naona dari ya chumba cha kaka. Dari nyeupe yenye doa la maji. Ikakaa hivyo. Hakukata simu wala hakusema neno. Ilikuwa saa kumi na nusu hivi, muadhini bado.

Mama akasema, "Wametolewa?"

"Wametolewa."

Akanyamaza kidogo, akachukua kile kijiko. "Basi mwambie ale kitu, asilale na njaa."

Kaka alikaa wiki tatu hajapiga simu. Pesa ya mama ya mwezi alituma, tena na nyongeza, lakini simu hakupiga. Julai 25 ukaja ujumbe: "Bergeron kastaafu." Agosti, Krejčí naye. Ikawa kama mtu anayekuletea taarifa za misiba ya ukoo. Mama nilipomwambia Bajeroni kaacha akauliza kama mgongo umepona.

Mimi sikuwahi kumuuliza habari ya ile ahadi, na yeye hakuitaja. Mwaka 2024 tulikutana tena na walewale Florida, raundi ya pili, wakatutoa katika mechi sita, wakaenda kuchukua kombe. Safari hiyo hata sikumwambia mama kama kuna mechi. Msimu uliofuata ndio ulikuwa wa kufa mtu. Machi 2025 Dubu wakauza wachezaji kama watu wanaohama nyumba, wakaenda mechi kumi mfululizo bila ushindi, wakamaliza na pointi 76, wa mwisho kwenye kundi lao. Na hapo ndipo fomu ya mwisho wa msimu ilipokuwa ya kweli: ilikuwa mbovu, ikaonekana mbovu, hakuna aliyedanganyika. Kuna usiku nilijikuta nimelala vizuri timu yangu inafungwa.

Katika waliouzwa alikuwemo Marchand. Mfupi, mkorofi, ameshafungiwa mara nyingi, mwaka 2018 aliwahi kumlamba mpinzani usoni mbele ya dunia nzima. Ndiye alikuwa wa mwisho aliyebaki katika kikosi cha 2011, kile alichokikuta kaka siku anatua. Na walimuuza wapi? Florida! Machi 7. Kaka aliandika mstari mmoja: "Wamempeleka kwa wale."

Juni 17, 2025 Florida wakalichukua tena kombe mbele ya Edmonton, na Marchand katika fainali ile alifunga mabao sita. Ana miaka 37, umri uleule aliokuwa nao Bergeron alipovunjika mgongo. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka. Nikausikiliza nikiwa nimesimama uani, mama yuko kwenye karai.

"Mdogo wangu, Marchand kachukua. Ila kavaa jezi ya wale." Kimya kidogo, nasikia treni inapita huko aliko. "Sasa nauliza. Hiyo inahesabika?"

Nikamweleza mama, kwa kirefu, nani Marchand, alikuwa wapi, sasa yuko wapi. Sidhani kama alielewa habari ya kuuzwa. Hakuinua macho.

"Mwambie inahesabika."

Alitua Agosti, saa nane mchana, na begi moja. Hakuna aliyemuuliza nyumba anajenga wapi, au labda waliuliza mimi sikuwepo. Amenenepa, ana mvi mbili tatu, na kwenye daladala alishika vyuma kama mgeni. Siku ya kwanza alikwenda makaburini, akarudi akala vitumbua tisa, akalala mpaka kesho yake. Mama alikuwa anafungua mlango kila saa kumwangalia kama anapumua.

Usiku wa tatu ndio tulipoanza. Yeye anasema kosa ni kocha, mechi ya saba angempanga Ullmark, kipa bora wa ligi hukalishi benchi. Mimi nasema Ullmark alikuwa amekwisha, kosa ni kumchezesha Bergeron Montreal mechi isiyo na kazi. Akasema mimi najua nini, nimetazama kwenye simu yenye ufa. Nikamtolea daftari, zile mechi nane, moja baada ya nyingine. Akalisoma taratibu, kidole kinashuka. Alipofika ile ya Montreal akasema, "Hukuniambia."

Halafu akaanza tena na Ullmark. Saa tisa na nusu mama akaamka kuwasha jiko akatukuta bado.